AKIBA HAIOZI, ILA HUKAGULIWA: Altimita ya Pili Katika Ndege ya Kujiundia

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Mara nyingi kurasa za jarida hili hujaa mashairi, hadithi na makala juu ya ngeli. Mwaka huu nimeonelea niwaletee jambo la ufundi. Kuna watu wanaosema ati Kiswahili ni lugha ya hadithi na salamu tu, kwamba sayansi ni lazima isemwe kwa Kizungu. Hebu tuijaribu leo, tuone kama lugha yetu itashindwa.

Sisi tunaoishi magharibi mwa jiji la Nairobi tumezoea kuona ndege ndogo zikipita juu ya Kibera, Dagoretti na Karen, nyingine zikitoka Uwanja wa Ndege wa Wilson na nyingine zikirudi. Uwanja huu umeitwa kwa jina la Bi. Florence Kerr Wilson, mama aliyeanzisha kampuni ya Wilson Airways hapa Nairobi mwaka wa 1929. Ndege nyingi kati ya hizo zimetoka viwandani. Lakini ulimwenguni kuna maelfu ya ndege zilizoundwa na watu binafsi katika gereji zao. Huko Marekani chama cha waundaji kama hao kilianzishwa mwaka wa 1953 na Paul Poberezny, na mpaka leo kipo. Hapa kwetu, Bw. Gabriel Nderitu wa Nyeri, mtaalamu wa kompyuta, aliandikwa sana magazetini tangu mwaka wa 2010 kwa kujaribu kuunda ndege kwa mikono yake mwenyewe.

Kuunda ndege ni jambo moja, kuirusha salama ni jambo jingine, na bila idhini ya mamlaka ya usafiri wa ndege, yaani KCAA, huwezi kuirusha hata kama umeiunda wewe. Katika makala haya nitaeleza kifaa kimoja tu ndani ya ndege ya namna hiyo: altimita ya akiba. Inafanya kazi vipi, inategwa vipi, na inakaguliwa vipi? Na kwa nini mtu awe na mbili?

ALTIMITA NI NINI?

Altimita ni kifaa kinachomwonyesha rubani yuko juu kiasi gani kutoka usawa wa bahari. Altimita ya zamani ina uso kama wa saa ya ukutani, wenye nambari kutoka 0 hadi 9. Mshale mrefu huonyesha mamia ya futi, mshale mfupi huonyesha maelfu, na mshale mwembamba au alama ndogo huonyesha makumi ya maelfu. Uwanja wa Wilson uko karibu futi 5,546 juu ya usawa wa bahari, yaani mita 1,690 hivi. Kwa hivyo ndege ikiwa imesimama pale, mshale mfupi huwa katikati ya 5 na 6, nao mrefu huwa umepita 5 kidogo.

Lakini sikilizeni siri ya kifaa hiki. Altimita haipimi urefu hata kidogo! Haina kamba ya kuteremsha chini wala jicho la kuona ardhi. Inachopima ni shinikizo la hewa tu, lile ambalo vitabu vingine huliita kanieneo. Yaani altimita ni barometa iliyoandikwa futi badala ya shinikizo. Ukikumbuka neno hilo moja, mengine yote yatakuwa rahisi.

HEWA INA UZITO

Hewa ina uzito, na sisi tunaishi chini yake kama samaki wanavyoishi chini ya maji. Anayeishi Mombasa ana rundo zima la hewa juu ya kichwa chake. Anayeishi Nairobi amepanda, kwa hivyo sehemu ya rundo hilo imebaki chini ya miguu yake. Shinikizo la kawaida katika usawa wa bahari ni hektopaskali 1013.25, ambazo ni sawa na milimita 760 za zebaki tunazozisoma darasani. Pale Wilson, shinikizo halisi ni karibu hektopaskali 830 tu.

Ushahidi si lazima utafutwe maabara. Nunua pakiti ya krisps iliyofungwa Mombasa, uilete Nairobi. Utaikuta imefura kama puto. Funga chupa tupu ya plastiki kwa nguvu hapa Nairobi, ubebe mpaka Mombasa. Utaikuta imebonyea kana kwamba imekaliwa. Hakuna aliyeikalia, ni uzito wa hewa ya pwani.

Jambo hili lilijulikana zamani. Torricelli wa Italia alitengeneza barometa ya zebaki mnamo 1643. Mwaka wa 1648, Pascal alimwomba shemeji yake Périer aipande nayo juu ya mlima Puy de Dôme huko Ufaransa, na zebaki ikashuka kadiri alivyopanda. Lakini nani angeweza kubeba bomba la zebaki ndani ya ndege inayotikisika? Suluhisho lilitoka kwa Lucien Vidi, Mfaransa, mwaka wa 1844. Yeye alitumia kijikopo chembamba cha madini kilichoondolewa hewa ndani na kuzibwa. Shinikizo la nje likipungua, kijikopo hutanuka. Likiongezeka, hubonyea. Mwendo huo mdogo hupitishwa kwenye vijigurudumu vyenye meno mpaka kwenye mshale. Paul Kollsman alitengeneza altimita ya ndege iliyo sahihi sana mnamo 1928, na mwaka uliofuata, 1929, rubani Mmarekani Jimmy Doolittle akairusha na kuitua ndege bila kuona nje, akitegemea vipimo tu. Altimita ya Kollsman ilikuwa mojawapo.

NAMBARI YA KIDIRISHANI

Sasa tatizo. Shinikizo la hewa hubadilika si kwa kupanda tu, bali pia kwa hali ya anga. Hapa karibu na ikweta hubadilika hata siku ambayo hakuna wingu: huwa juu karibu saa nne asubuhi, hushuka mpaka karibu saa kumi jioni, halafu huanza kupanda tena. Tofauti ni kama hektopaskali 3 au 4. Ni ndogo, lakini inatosha kuifanya altimita ya ndege iliyoegeshwa Wilson tangu asubuhi ionyeshe takriban futi 100 zaidi ifikapo jioni. Ndege imesimama tuli, kipimo kinasema imepanda!

Ndiyo maana altimita ina kidirisha kidogo chenye nambari na kifundo cha kuzungusha kama kile cha redio. Rubani huambiwa na mnara wa kuongozea ndege shinikizo la siku hiyo, si lile halisi la uwanjani, bali lile lililokwisha kupigiwa hesabu kana kwamba uwanja uko usawa wa bahari. Marubani huliita kwa herufi tatu, QNH. Akiiweka nambari hiyo kidirishani, altimita iliyo nzima itaonyesha mwinuko wa uwanja.

Shikeni kanuni mbili. Kwanza, ukiongeza nambari kidirishani, mshale nao unapanda. Pili, kila hektopaskali moja ya kidirishani ni takriban futi 27. Sasa tuseme QNH ni 1018, rubani akasikia vibaya akaweka 1028. Amekosea hektopaskali 10. Altimita itamwambia yuko juu zaidi kwa futi 270 kuliko alivyo kweli. Jumba la KICC pale mjini lina urefu wa mita 105, yaani futi 344 hivi. Kwa hivyo tarakimu moja iliyosikika vibaya imemla rubani zaidi ya robo tatu ya KICC, naye hana habari.

Kosa la upande wa pili, la kuweka nambari ndogo, humfanya adhani yuko chini kuliko alivyo. Hilo nalo ni kosa, lakini afadhali kudhani ardhi iko karibu na kumbe iko mbali, kuliko kinyume chake.

NAIROBI SI KAMA KULE VITABU VILIKOANDIKWA

Vitabu vingi vya marubani viliandikwa katika nchi ambazo viwanja viko karibu na bahari. Huko wengine huzungusha kifundo mpaka altimita isome sifuri ndege ikiwa chini, ili angani isome urefu juu ya uwanja moja kwa moja. Jaribu hilo Wilson, wapi! Ili mshale usome sifuri, kidirisha kinahitaji kuonyesha karibu 830, na vidirisha vingi vya altimita huanzia karibu 950 hadi 1050. Kifundo kitagota kabla hujafika. Basi rubani wa Nairobi hana budi kuhesabu kutoka baharini, na kujua kwa moyo mwinuko wa ardhi iliyo chini yake.

Na ardhi ya magharibi mwa Nairobi si tambarare. Wilson ni futi 5,546. Dagoretti Corner, penye makao makuu ya Idara ya Hali ya Hewa, ni mita 1,798, yaani karibu futi 5,900. Limuru ni zaidi ya futi 7,000. Kilele cha Milima ya Ngong ni mita 2,460, karibu futi 8,070. Anayeruka kuelekea magharibi na altimita inayosoma futi 7,000 anaweza kujiona yuko juu sana, na kumbe mlima uko mbele yake ukiwa umemzidi kwa futi elfu moja.

KISA CHA SEPTEMBA 1974

Msidhani haya ni maneno ya vitabuni tu. Tarehe 3 Septemba 1974, ndege kubwa aina ya Boeing 747 ya British Airways ilikuwa ikishuka kuja kutua Nairobi, katika uwanja wa Embakasi ambao leo tunauita Jomo Kenyatta. Mwongozaji wa ndege aliwaruhusu marubani washuke mpaka futi 7,500. Wao wakasikia 5,000.

Tazameni nambari hiyo. Uwanja wenyewe uko futi 5,330 hivi. Futi 5,000 si hewani. Ni chini ya udongo! Lakini kwa rubani aliyezoea viwanja vya Ulaya, futi 5,000 ni mahali pa juu na salama kabisa, wala masikio yake hayakushtuka. Ndege iliendelea kushuka ndani ya mawingu. Ilipotokeza chini ya mawingu, ardhi ilikuwa hapo. Rubani akaipandisha haraka, na kwa rehema za Mungu hakuna aliyekufa. Uchunguzi ulionyesha kwamba ndege hiyo iliyojaa abiria ilifika karibu futi 70 juu ya ardhi, ikiwa bado kilomita kadhaa kutoka uwanjani. Futi 70 ni mita 21. Kuna majengo ya ghorofa mtaani kwetu yanayozidi hapo.

Jambo la kuzingatia ni kwamba altimita za ndege ile hazikuwa mbovu. Zilikuwa zaidi ya moja, na zote zilisema kweli. Aliyekosa ni binadamu, kwa kutolinganisha nambari aliyoisikia na ardhi aliyokuwa akiiendea. Kwa hivyo tunaposema kukagua altimita, tunasema kukagua vitu vitatu: kifaa, nambari ya kidirishani, na kichwa cha rubani.

KWA NINI ALTIMITA MBILI?

Ndege nyingi za kujiundia siku hizi zina skrini mbele ya rubani, inayoonyesha kila kitu: kasi, mwinuko, dira na ramani. Ni nzuri na haina uzito. Lakini skrini hula umeme, na umeme ukikatika skrini huwa kioo cheusi. Waundaji wenye busara huweka altimita ya pili pembeni. Inaweza kuwa ile ya mishale isiyohitaji umeme kabisa, au ndogo ya kielektroniki yenye betri yake yenyewe. Hiyo ndiyo altimita ya akiba, na wahenga walisema akiba haiozi.

Hapa naomba ruhusa niwasahihishe wahenga kidogo. Akiba ya altimita huoza! Kijikopo huchoka, vijigurudumu hushika vumbi, betri hufa kimyakimya. Kifaa ambacho hakitazamwi kila siku ndicho huharibika bila mtu kujua. Halafu siku ya dhiki ndiyo unakigeukia.

Kuna na jambo la mashahidi. Altimita zote hupata hewa kupitia kitundu kidogo ubavuni mwa ndege, mahali ambapo upepo haupulizi moja kwa moja, na mrija hupeleka hewa hiyo kwenye vifaa. Nyigu akijenga ndani ya kitundu hicho, au fundi aliyepaka rangi akasahau kukizibua, hewa iliyo mrijani hunasa. Altimita hubaki palepale hata ndege ikipanda au kushuka. Ikiwa altimita zote mbili zinakunywa kutoka mrija mmoja, zote zitasema uongo mmoja, na zitakubaliana vizuri sana. Ni kama mashahidi wawili kortini waliosikia habari kwa mtu mmoja: kukubaliana kwao si ushahidi. Kwa hivyo wengine huiwekea altimita ya akiba njia yake ya hewa, hata kama ni ya kupokea hewa ya ndani ya chumba cha rubani. Hewa ya chumbani huwa na shinikizo pungufu kidogo ndege ikienda kasi, kwa hivyo altimita hiyo husoma juu kidogo. Si neno, mradi rubani ameipima tofauti hiyo mapema na kuiandika.

JINSI YA KUTEGA NA KUKAGUA

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Nimeipanga kwa hatua ili iwe rahisi kukumbuka.

1. Jua umesimama wapi. Tafuta mwinuko wa mahali ndege ilipo. Uwanja una miinuko na miteremko yake, kwa hivyo upande mmoja unaweza kutofautiana na mwingine kwa futi kadhaa.

2. Pata QNH kutoka mnarani, kisha irudie kwa sauti ili mwongozaji ahakikishe. Kuuliza si ujinga. Kisa cha 1974 kinatosha kutufundisha hilo.

3. Iweke nambari hiyo katika altimita zote mbili. Tazama vidirisha vyote kwa macho yako. Skrini nyingine hukumbuka nambari ya safari ya jana.

4. Kama altimita ya akiba ni ya mishale, igonge kioo taratibu kwa ncha ya kidole. Mashine ikiwa imezimwa hakuna mtikisiko, na mshale unaweza kuwa umekwama kidogo. Ukigonga, unatulia mahali pake.

5. Soma zote mbili na uandike. Linganisha kila moja na mwinuko wa uwanja, halafu zilinganishe zenyewe. Mwongozo wa Marekani ambao marubani wengi huufuata ni kwamba tofauti na uwanja isizidi futi 75. Ikizidi, kifaa kipelekwe kwa fundi.

6. Zungusha kifundo uongeze hektopaskali 10. Mshale upande karibu futi 270 bila kurukaruka. Rudisha, ushuke vilevile. Usisahau kuiacha pale pa QNH.

7. Kama ya akiba ina betri, zima umeme mkuu wa ndege. Ikizimika pamoja na skrini, hiyo si akiba, ni pambo.

8. Kila baada ya muda kagua kama mrija unavuja. Fundi huvuta hewa polepole kutoka kwenye kitundu kwa mrija wa mpira na sindano ya hospitali isiyo na ncha, mpaka altimita isome futi 1,000 zaidi, kisha huziba na kutazama saa. Kanuni ya Marekani kwa ndege ndogo inasema isipoteze zaidi ya futi 100 kwa dakika moja. Uvutaji uwe wa polepole sana, na hewa irudishwe polepole, kwa maana vipimo vingine vilivyo kwenye mrija huo huo huvunjika kwa pupa.

9. Ukiwa angani, kila ukifika mwinuko mpya, tupa jicho kwenye zote mbili. Zikianza kuachana, jiulize ni ipi iliyobadilika.

Tuchukue mfano. Siku ya kwanza pale Wilson, QNH ni 1019. Skrini inasoma 5,560, ya akiba inasoma 5,520. Skrini imezidi kwa futi 14, ya akiba imepungua kwa futi 26, na kati yao kuna futi 40. Zote zimefaulu. Baada ya mwezi, skrini inasoma 5,555 lakini ya akiba inasoma 5,400. Imepungua kwa futi 146. Imeanguka mtihani.

MTEGO MKUBWA KULIKO YOTE

Hapa ndipo penye jaribu. Rubani ana haraka, mgeni wake amekwisha kufunga mkanda, jua linazama. Mkono unakwenda kwenye kifundo cha altimita ya akiba, anazungusha kidogo, kidogo tena, mpaka inasoma 5,546 barabara. Sasa kila kitu kinapendeza! Lakini kidirisha kinasema 1024 na si 1019. Hajatengeneza kitu, ila ameficha ugonjwa. Hajui kama kijikopo kimetoboka, kama mrija unavuja au kama kosa litakua akipanda. Amemlazimisha shahidi aseme anachotaka kusikia.

Jambo hili halihusu marubani peke yao. Katika maabara za shule kuna tabia inayojulikana kama kupika majibu: mwanafunzi anajua pendula ilipaswa kutoa nambari fulani, basi anaandika nambari hiyo hata kama saa yake ilisema nyingine. Grafu inanyooka kama rula, lakini kile chombo kilichokuwa kibovu kinarudishwa kabatini kikiwa kibovu vilevile, kimngojee mwingine. Kifaa kikikataa kukubaliana nawe, kinakuambia kitu. Kiandike, halafu utafute sababu.

Ipo hali moja ambapo inaruhusiwa kuzungusha mpaka mwinuko ulingane: unapokuwa kiwanja kidogo cha mashambani ambapo hakuna mnara wala wa kumwuliza QNH. Hapo unaweka mwinuko unaoujua, kisha unasoma kidirishani shinikizo ulilopata. Tofauti ni kwamba hapa hukufunika jibu, umelitafuta. Altimita mbili zikitoa vidirishani nambari zilizo karibu, vizuri. Zikiachana kwa hektopaskali 5, mojawapo ni mgonjwa, na usiruke kabla hujajua ni ipi.

JARIBIO LA JUMAMOSI

Simu nyingine za kisasa zina barometa ndogo ndani yake. Kwa kuwa simu haziruhusiwi shuleni, fanya jaribio hili Jumamosi ukiwa na mzazi au ndugu yako mkubwa. Soma shinikizo ukiwa katikati ya jiji, ambako ni karibu mita 1,660. Panda matatu ya Barabara ya Ngong, nambari 111, ushuke Dagoretti Corner, usome tena. Kwa mwinuko wetu huu, kila mita 10 za kupanda hupunguza karibu hektopaskali 1, kwa hivyo utarajie kupungua kama 13. Ukipata 12 au 14, andika ulichopata! Huenda umekawia njiani na shinikizo la siku limesogea. Rudi mjini usome mara ya tatu uone kama limesogea kweli. Hivyo ndivyo altimita inavyokaguliwa: mahali panapojulikana, kipimo cha pili, na ukweli wa kuandika.

HITIMISHO

Ndugu wasomaji, tumeona kwamba altimita ni barometa tu, kwamba haijui ardhi iko wapi mpaka binadamu aiambie shinikizo la siku, na kwamba altimita ya akiba ina faida pale tu inapokaguliwa ikiwa nzima na inapopewa uhuru wa kupinga ile kubwa. Tumeona pia kwamba hapa Nairobi mtu anaweza kuambiwa futi 5,000 akajiona yuko juu, na kumbe nambari hiyo iko chini ya ardhi.

Wanaosema Kiswahili hakiwezi kubeba sayansi nimewaachia makala haya wayapime wenyewe. Nao walio na ndoto ya kuunda ndege siku moja, na najua wamo miongoni mwetu, wasome Fizikia kwa bidii, wakumbuke kwamba tahadhari huja kabla ya hatari. Kidirisha kwanza, mshale baadaye, na ukipata nambari usiyoipenda, usiizungushe. Iulize.